Mkonge na Vito: Uainishaji wa Viwanda na Mahali Vinapojengwa katika Taita Taveta

Mwanafunzi wa Kiswahili anapotakiwa kuandika kuhusu viwanda, aghalabu huwa ameisoma mada hiyo kwanza katika somo la jiografia, tena kwa Kiingereza. Akilini mwake hubaki orodha aliyoikariri kwa ajili ya mtihani: viwanda vya msingi, vya upili na vya huduma, viwanda vizito na vyepesi, viwanda vilivyo karibu na malighafi na vilivyo karibu na soko. Anapoihamishia orodha hiyo katika Kiswahili, lugha humgomea. Uvuvi ukiitwa kiwanda cha msingi, msomaji atauliza kiwanda chenyewe ki wapi, kwani bahari haina paa wala mlango. Uchimbaji wa mawe ukiitwa kiwanda, atauliza ni kitu gani kinachotengenezwa shimoni. Maswali hayo si ya utani. Yanaonyesha kwamba tafsiri ya haraka imefunika tofauti ambayo lugha yenyewe inaitambua.

Makala haya yanafafanua jinsi viwanda vya utengenezaji vinavyoainishwa na sababu zinazovifanya vijengwe mahali fulani badala ya pengine. Mfano unaotumika ni Kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya, hasa miji ya Voi na Mwatate. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu lina malighafi mbili, mkonge na vito, ambazo zote mbili hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake zinapotengenezwa, lakini hatima zake zimekuwa kinyume. Mkonge husindikwa papo hapo unapokatwa. Vito, kwa miaka mingi, vimeondoka vikiwa ghafi. Nadharia yoyote ya mahali pa viwanda inayoshindwa kueleza tofauti hiyo ni nadharia pungufu.

Kiwanda, tasnia na karakana

Neno kiwanda lina ukoo na uwanda, na kimaumbo haliko mbali na kiwanja. Kabla ya kuwa jengo lenye mashine na king'ora, kiwanda kilikuwa uwanja wa kazi, yaani mahali fundi alipotandaza zana zake. Maana hiyo ya kale haijafa. Nchini Kenya mafundi wanaofua masufuria, majiko na masanduku ya bati mahali pa wazi huitwa watu wa jua kali, na jina hilo limeingia hata katika nyaraka za serikali. Anayewatazama wakigonga bati kando ya barabara ya Voi anaona kiwanda kwa maana yake ya asili kabisa: uwanja, fundi na kazi.

Tasnia ni neno la asili nyingine. Limetokana na mzizi wa Kiarabu uliozaa pia neno sanaa, mzizi wenye maana ya kutengeneza kwa ustadi. Katika matumizi ya leo tasnia hurejelea uwanja mzima wa shughuli, kama vile tasnia ya filamu au tasnia ya habari, ilhali kiwanda hurejelea mahali. Karakana nalo, lenye asili ya Kiajemi, hutumika kwa mahali pa ufundi na matengenezo, kwa kawaida padogo kuliko kiwanda. Kwa hiyo Kiswahili kinao uwezo wa kusema wazi kile ambacho neno moja la Kiingereza hukichanganya. Uvuvi ni tasnia bila kuwa kiwanda. Mahali samaki wanapotiwa mikebeni ndipo penye kiwanda. Vivyo hivyo, madini yana tasnia yake Taita Taveta tangu zamani. Suala linalobishaniwa ni kama yana kiwanda.

Vigezo vya uainishaji

Viwanda huainishwa kwa vigezo vingi, na vingine havihitaji maelezo marefu. Kigezo cha ukubwa hutenga viwanda vidogo, vya kati na vikubwa kwa idadi ya wafanyakazi au kiasi cha mtaji. Kigezo cha umiliki hutenga vya umma, vya watu binafsi, vya ushirika na vya ubia. Kigezo cha uzito wa bidhaa na mitambo hutenga viwanda vizito, kama vya saruji na chuma, na vyepesi, kama vya nguo na vyakula. Kigezo cha asili ya malighafi hutenga vinavyotegemea kilimo na mifugo na vinavyotegemea madini au kemikali.

Kigezo chenye mgogoro ni kile cha hatua ya utengenezaji. Ni wapi kilimo kinapokoma na kiwanda kuanza? Umoja wa Mataifa una mfumo wake wa kuainisha shughuli zote za kiuchumi, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 na kurekebishwa mara kadhaa. Katika toleo la nne, lililochapishwa mwaka 2008, kazi ya kuchambua pamba ili kutenga nyuzi na mbegu imewekwa katika fungu la kilimo, kama shughuli inayofuata mavuno. Ukataji na ung'arishaji wa vito umewekwa katika fungu la utengenezaji, pamoja na kazi za masonara.

Uamuzi huo una athari kubwa kwa mfano wa Taita Taveta. Kwa mantiki iyo hiyo ya pamba, mtu anaweza kudai kwamba mashine kubwa inayosinga mkonge, yenye ngurumo inayosikika toka mbali na inayoajiri watu kwa makundi, ni sehemu tu ya shamba. Wakati huohuo fundi mmoja aliyeketi mezani mbele ya gurudumu dogo la kusagia kito ni mwenye kiwanda kamili. Anayepima viwanda kwa wingi wa moshi na kelele atapotoka. Kinachopimwa ni mabadiliko: je, kitu kimebadilika kuwa bidhaa nyingine yenye matumizi na thamani mpya, au kimesafishwa tu ili kiweze kusafirishwa?

Mkonge: malighafi inayokifunga kiwanda

Mkonge si mmea wa asili wa Afrika Mashariki. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuleta Tanganyika mwaka 1893 kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyosalimika baada ya safari ndefu. Kutoka kwa miche hiyo ulienea pwani ya Tanga na baadaye ukavuka mpaka. Nyanda za chini za Taita Taveta, zenye joto na mvua haba, ziliufaa. Yakaanzishwa mashamba Voi, Mwatate na Taveta. Huko Taveta mlowezi wa Kiingereza Ewart Grogan alikuwa miongoni mwa waliolima mkonge kwa ukubwa. Shamba la Teita, lililoko Mwatate, hutajwa miongoni mwa mashamba makubwa zaidi ya mkonge duniani.

Jani la mkonge likikatwa, takriban asilimia 4 tu ya uzito wake ni singa zinazofaa. Zinazobaki ni maji na nyama ya jani. Tani 100 za majani, kwa hiyo, hutoa kama tani 4 za katani. Kutoka Voi hadi bandari ya Mombasa ni mwendo wa kilomita 150 na ushei. Mwenye shamba aliyetaka kujenga mashine yake Mombasa angelipa nauli ya tani 96 za takataka kwa kila tani 4 za bidhaa, na hapana mfanyabiashara awezaye kuvumilia hesabu hiyo. Zaidi ya hayo, jani lililokatwa halingoji. Likikaa zaidi ya siku moja au mbili hukauka, singa hushikamana na nyama, na kulisinga huwa taabu. Ndiyo maana mashine ya kusinga, ambayo katika mashamba ya Tanga huitwa korona, haina budi kuwa katikati ya shamba lenyewe. Zikitoka kwenye korona, singa huoshwa, huanikwa juani, hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja na kufungwa marobota. Kufikia hapo zimekuwa nyepesi, kavu na za kudumu. Zinaweza kusafiri hadi pembe yoyote ya dunia.

Hali hii ndiyo aliyoieleza mwanauchumi wa Kijerumani Alfred Weber katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu mahali pa viwanda. Weber alipendekeza kugawanya uzito wa malighafi kwa uzito wa bidhaa. Jibu likiwa kubwa kuliko moja, kiwanda huvutwa na malighafi; likiwa dogo kuliko moja, huvutwa na soko. Kwa mkonge jibu ni kama 25. Kwa miwa ni kama 10, na ndiyo sababu viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya vimezungukwa na mashamba ya miwa. Soda na bia ni kinyume chake, kwa kuwa maji yanayojaza chupa hupatikana karibu kila mjini, na hakuna faida ya kuyasafirisha mbali. Viwanda vyake hukaa karibu na wanywaji. Viko pia vinavyokaa mahali mizigo inapobadilisha chombo. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilikaa bandarini kwa sababu mafuta ghafi yalifika kwa meli, na kilifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1960 hadi kiliposimama mwaka 2013.

Hata hivyo, hesabu ya Weber hueleza hatua ya kwanza tu. Baada ya robota kufungwa, hakuna tena kinachoufunga mkonge na Mwatate. Kusokota kamba, kufuma magunia na mazulia, kunaweza kufanyika Nairobi, Ulaya au Asia. Hivyo basi korona ilibaki Taita Taveta kwa sababu haikuwa na pa kwenda, na sehemu kubwa ya thamani ilifuata soko. Nyuzi za kutengenezwa kwa kemikali ziliposhusha bei ya katani katika nusu ya pili ya karne ya 20, maumivu yaliwafikia kwanza wakataji wa majani, kwa kuwa hao ndio waliokuwa mwanzo wa mnyororo na hawakuwa na bidhaa nyingine ya kuuza. Hata ile asilimia 96 iliyotupwa ilikuwa mali iliyosahaulika: huko Hale, mkoani Tanga, ilionyeshwa katika miaka ya 2000 kwamba mabaki ya mkonge yanaweza kuzalisha gesi ya kuendesha mitambo ya umeme.

Vito: malighafi isiyofunga chochote

Sasa lichukuliwe jiwe la kijani kibichi linaloitwa tsavoraiti. Campbell Bridges, mwanajiolojia aliyezaliwa Uskoti, alilipata mwaka 1967 kaskazini mwa Tanzania, kisha akalipata upande wa Kenya, Taita Taveta, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ililiingiza sokoni kwa jina lililotokana na Tsavo. Hapa pana jambo la kutafakariwa na wanafunzi wa lugha: jiwe limepewa jina la mahali lilikotoka, lakini jina lenyewe lilitangazwa ng'ambo, kama ambavyo jiwe lenyewe hukatwa ng'ambo. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 rubi nyekundu ziligunduliwa Mangare, na wachimbaji wadogo wakaenea katika vilima vya Kasigau na Kuranze.

Kito nacho hupoteza uzito kinapotengenezwa. Fundi huondoa nyufa, madoa na kingo zisizofaa, na mara nyingi hubakiwa na robo au theluthi tu ya jiwe ghafi. Hesabu ya Weber ingetoa jibu la tatu au nne. Kwa kanuni ile ile iliyokiweka kiwanda cha mkonge Mwatate, viwanda vya kukata vito vingepaswa kujaa Voi. Havikujaa.

Sababu ni kwamba kinachosukuma kiwanda si kupungua kwa uzito peke yake. Uzito lazima ulinganishwe na bei. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Mawe yenye thamani ya nyumba hutoshea katika kisanduku cha kiberiti, na nauli yake hadi Bangkok au Jaipur ni sawa na bure. Nauli isipokuwa na sauti, nguvu nyingine hushika usukani: ustadi wa mafundi, ukaribu wa wanunuzi, mikopo, umeme usiokatika, na kuaminiana. Mji wa Idar-Oberstein nchini Ujerumani ulianza kukata mawe kwa sababu akiki ilichimbwa jirani. Akiki ilipokwisha, katika karne ya 19, mji uliagiza mawe kutoka Brazili na kuendelea na kazi. Malighafi ilihama, ustadi ukabaki. Jaipur ni ushahidi wa namna iyo hiyo; umaarufu wake unatokana na mikono ya mafundi wake na soko lao, si na migodi iliyo mlangoni.

Kwa hiyo mkonge ulipata kiwanda Taita Taveta bila mtu yeyote kuwahurumia wenyeji: maumbile ya jani yaliamua. Vito haviwezi kupata kiwanda kwa njia hiyo. Lazima pawe na watu watakaoamua, watakaofundisha, watakaolinda na watakaonunua. Hapo ndipo uainishaji unapoacha kuwa zoezi la darasani. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016, mrabaha wa madini hugawanywa asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi mahali pa uchimbaji. Mgao huo wa jamii ni hatua njema. Lakini jiwe linalouzwa ghafi huthaminiwa kama jiwe ghafi, na asilimia 10 ya kidogo ni kidogo.

Serikali imejenga mjini Voi kituo cha vito, kwa shabaha ya kuwapa wachimbaji mahali pa kupimiwa, kukatiwa na kuuzia mawe yao. Aidha, Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kinafundisha uhandisi wa madini. Hizo ni nyenzo mbili za maana kwa kuwa zinagusa yale hasa yanayoamua mahali pa kiwanda cha namna hii, yaani ustadi na soko. Jengo pekee, hata hivyo, halileti kiwanda. Mchimbaji anayedaiwa chakula na deni la vifaa hawezi kungoja jiwe likatwe. Humuuzia dalali jioni ileile. Na mahali ambapo mipaka ya vitalu inagombaniwa, kila mtu hutaka kuuza upesi kabla hajaondolewa. Ugomvi huo umewahi kumwaga damu: Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009, karibu na Voi, baada ya mvutano wa miaka kadhaa kuhusu machimbo yake. Mafundi wa kukata vito hawawezi kukita mizizi mahali ambapo hata anayechimba hajui kama kesho atakuwapo.

Reli, maji na ardhi

Wanaoitetea Voi kama mahali pa viwanda hutaja kwanza njia zake. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imekwisha kupita Voi kabla wajenzi wake hawajashambuliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Tawi la kwenda Taveta lilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa haja ya majeshi ya Waingereza yaliyokuwa yakipigana na Wajerumani. Mashamba ya mkonge yakaja kunufaika na reli ambayo haikukusudiwa kwa ajili yao. Reli mpya ya kati ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina kituo Voi, na barabara ya kwenda Taveta na Holili huunganisha mji na kaskazini mwa Tanzania. Lakini njia huchukua na kuleta. Treni inayoweza kushusha malighafi Voi ndiyo ileile inayoweza kuipita Voi bila kusimama.

Maji yanatoa somo kali zaidi. Chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, hulisha bomba lililojengwa katika miaka ya 1950 kuipelekea Mombasa maji, na viwanda vya Mombasa vimekuwa miongoni mwa wanaoyategemea. Wenyeji wa kaunti, ambao wengi wao huishi kwa ukame, wamelalamika kwa muda mrefu kwamba maji yanapita na wao wamebaki na kiu. Ardhi nayo ni finyu kuliko ramani inavyoonyesha: takriban asilimia 62 ya kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotangazwa mwaka 1948, na sehemu nyingine ya nyanda za chini imo mikononi mwa mashamba makubwa. Kaunti yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 17,000 inaweza kuhangaika kutafuta ekari za kujengea karakana.

Msamiati unaokomea njiani

Kuna kipimo kimoja cha mahali pa viwanda ambacho wanajiografia hawakitumii, nacho ni msamiati. Kazi ya mkonge ilikaa Afrika Mashariki, nayo ikajijengea maneno: mkonge na katani, kusinga na singa, korona, brashi, madaraja, robota. Mzungumzaji aliyekulia karibu na mashamba hayo anaweza kueleza hatua zote hadi robota linapopakiwa. Baada ya hapo, kwa habari ya kusokota na kufuma kwa mitambo, maneno yanapungua.

Kwa vito maneno yanakoma mapema zaidi. Yapo ya kutosha kwa shimo na kwa biashara: kuchimba, mgodi, kitalu, mwamba, karati, dalali. Yapo pia majina ya kale ya mawe yaliyokuja na bahari, kama yakuti, zumaridi, almasi na akiki. Lakini mwalimu anayemfundisha kijana wa Mwatate kukata tsavoraiti hana jina moja lililozoeleka la vile vijiso vidogo bapa vinavyokatwa ili kurudisha mwanga, wala la ukanda mwembamba unaotenga sehemu ya juu na ya chini ya kito, wala la pembe ambayo ikikosewa kwa nyuzi chache jiwe hupoteza mng'ao katikati. Huazima maneno ya Kiingereza, au huonyesha kwa kidole. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinavyotafuta kazi ya kukusanya istilahi vinaweza kuianzia katika meza hizo za Voi, wakati ambapo maneno bado yanatungwa na wenye gurudumu la kusagia mikononi.